Maisha ya Atupele Kibona, Aliyeambiwa Hana Saratani

Ndugu waombolezaji, mimi ni Mercy, mtoto wa kwanza wa marehemu, na nimewaomba wazee nisome mwenyewe.

Mama yetu, Atupele Anania Kibona, alizaliwa tarehe 14 Machi 1984 katika kata ya Ibaba, wilayani Ileje, akiwa mtoto wa nne wa mzee Anania na bibi Tukuswiga, akasoma shule ya msingi hukohuko kuanzia 1993 hadi 1999, kisha mwaka 2002 akahamia Tunduma, akawa muuza maharage sokoni, na wateja wake wa Zambia, ambao wengine wako hapa, walimwita Bana Mercy, yaani Mama Mercy. Tarehe 3 Septemba 2005 alifunga ndoa na baba yetu, Nikodemo Simbeye, wakajaliwa watoto watatu, mimi, Gibson na Dina.

Juni 2024 alianza kuvimba juu ya goti la kulia, tukadhani ni baridi yabisi, akakandwa kwa maji ya moto miezi mingi, nami nikaacha shule kidato cha pili nikashika meza yake sokoni, mpaka eksirei ilipoonyesha uvimbe ndani ya mfupa, na huko Mbeya wakatoa kipande kwenda kupimwa. Wiki tano hakuna aliyethubutu kutaja saratani, isipokuwa mama mwenyewe, aliyetutania kwamba mguu ukikatwa, jirani yetu Ketrina arithi viatu vyote vya kulia.

Alhamisi, tarehe 17 Julai 2025, Mjomba Yesaya alileta karatasi ya majibu, nikaisoma mbele ya wote, kwamba ni uvimbe adimu wa mfupa, wala si saratani, na vigelegele vikaanza kabla sijavuta pumzi. Jumapili mama alijitwika debe la maharage kulipeleka madhabahuni kama shukrani, mfupa ukavunjika mbele yetu, kwaya ikiendelea kuimba kwa kuwa hawakujua, na Jumanne, tarehe 22, saa nne asubuhi, akafariki hospitalini, donge la damu lilipofika kwenye mapafu. Siku tano tu tangu tushangilie.

Tunawashukuru wauguzi, majirani, wanakwaya, na wafanyabiashara wenzake wa pande zote mbili za mpaka. Tunamshukuru daktari, aliyeandika kwa Kiswahili, kwa mwandiko unaosomeka, kwamba si saratani, lakini uvimbe umeula mfupa ukabaki mwembamba, asiukanyagie mguu wala asibebe mzigo hadi apasuliwe tarehe 28. Maneno hayo ya mwisho niliyaona, sikuyasoma kwa sauti, nikaikunja karatasi nikapiga vigelegele na wenzangu, nikidhani nitayasema kesho yake, na kesho yake furaha ilikuwa bado nyingi. Baba, Mjomba, wadogo zangu, nilikuwa sijawaambia.

Mama, pumzika kwa amani, na unisamehe.