Mwalimu Danieli Kihwele na Kilatini Alichobaki Nacho

Ndugu waombolezaji, ukoo umenituma niwasomee maisha ya baba yetu mdogo, Mwalimu Danieli Kihwele, aliyezaliwa Kalenga tarehe 14 Machi 1949, akasoma shule ya msingi hapo hapo, na mwaka 1963 akaingia seminari ndogo, ambako upadre ulimshinda lakini Kilatini kikamkaa.

Mwaka 1974 alianza kukifundisha katika shule moja ya Mufindi, si mbali na Nyololo, na somo la kwanza la kila Januari lilikuwa kivumishi felix, alichokipenda kama wengine wanavyopenda mpira, akieleza kwamba asili yake ni kunyonyesha, kikawa sifa ya mti unaozaa, ndipo kikamfikia mtu mwenye heri, na kwamba kikiandamana na kiima cha umoja hakijali jinsia, iwe ya kiume, ya kike au ile ya kati, ila kwenye wingi hugawanyika, felices kwa hizo mbili, felicia kwa ile ya kati.

Alifunga ndoa na mama mdogo Tekla tarehe 7 Oktoba 1978, wakajaliwa Amos, aliyefariki akiwa mchanga, na Bertha, ambaye baba alianza kumfundisha tangu darasa la tatu, kwa kuwa alitamani kuliko kitu chochote abaki mtu mmoja wa kuzungumza naye Kilatini, lakini Bertha alikichoka, akaolewa Mbeya, akashika biashara ya mchele wa Madibira, na mwaka 2009 shule nayo ikalifuta somo, Mwalimu akastaafu, akawa anawasemesha kuku wake, tukamtania kwamba hao ndio waseminari wake wa mwisho.

Tarehe 2 Februari 2025 alipatwa na kiharusi, Kiswahili kikamtoka, Kihehe kikamtoka, ulimi ukarudi na Kilatini peke yake, akawa anaomba jambo, polepole, akirudia kama yuko darasani, kisha akilia, na paroko tuliyemwita alikiri kwamba yeye anajua kukiimba tu, na wanafunzi wa zamani tuliowapigia simu walisema wamekisahau siku nyingi. Inatuuma sana. Bertha alimshika mkono, asielewe neno, na kwa kila alichoombwa aliitika ndiyo baba, ndiyo, mpaka mchana wa tarehe 19, Mwalimu alipotutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kukesha nasi, na walimu wenzake waliotoka mbali.

Mwalimu, tumekuahidi jambo tusilolijua, wala hatutalitimiza, utusamehe, ukapumzike kwa amani.