Kilo Thelathini Mpaka kwa Kanyiva

Marehemu Syombua Kilonzo alizaliwa tarehe 14 Agosti 1952 karibu na Tulia, Kitui, mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Musyimi na Ndinda. Dada yake wa pekee, Kanyiva, ndiye aliyembeba mgongoni wakati mama yao yuko shambani.

Alisoma mpaka darasa la saba, mwaka 1967, karo ikaishia hapo. Mwaka 1972 aliolewa na Daniel Kilonzo wa Nunguni, Makueni, wakajaliwa watoto watatu. Mzee alitutangulia 2009.

Kwa miaka ishirini na minane Mama alikuwa mpishi wa shule ya bweni, hadi alipostaafu 2012. Harusi au matanga, hakuna sufuria kubwa hapa Nunguni ambayo hakuikoroga. Mpishi lazima aonje, na yeye alionja vizuri. Kufikia 2021 alikuwa na kilo mia moja kumi na nne, na magoti yakagoma.

Sasa, kwa Kanyiva, kule Tulia, gari haifiki. Njia ya mawe inateremka karibu kilomita mbili mpaka ng'ambo ya mto wa mchanga, na Kanyiva hajatoka kitandani tangu alipopooza 2018. Vijana wanne walijaribu kumteremsha Mama kwa kiti. Hawakufika mbali, wakamweka chini. Mama akacheka nao, kisha akalia. Septemba 2021 daktari alimwambia apunguze kilo thelathini, la sivyo asahau njia hiyo.

Alikuwa na miaka sitini na tisa. Sisi watoto wake, niseme ukweli, tulimcheka.

Kila siku ya soko alipanda mizani ya mahindi ya Kiema, mwuza nafaka, na watu wakapiga makofi au wakanyamaza, kutegemea mshale umesimama wapi. Aliacha sukari, akabaki na mboga, ndengu na ugali kidogo sana. Lakini kupika hakuacha. Alisukuma chapati mia tatu za harusi ya watu, harufu yote ikimpiga usoni, akamwachia jirani yake Kalunde kazi ya kuonja. Majirani walinong'ona kwamba ni mgonjwa, wengine wakamletea uji wa kumrudishia nguvu.

Machi 2022 alishindwa. Jumapili alisimama kanisani kutoa ushuhuda: "Bwana asifiwe. Jana kwa harusi nimekula chapati sita nyuma ya jikoni, na soda. Niombeeni." Kanisa halikujua kama liseme amina. Jumatatu akaanza upya. Mpaka leo sielewi nguvu hiyo aliitoa wapi.

Tarehe 18 Novemba 2022, akiwa na kilo themanini na tatu, aliteremka. Ilimchukua saa mbili na fimbo, mimi nikihema nyuma yake. Kanyiva alipomwona alilia: "Wee Syombua, umeisha hivi? Kwani huko Makueni wanakunyima chakula?" Akaamuru kuku achinjwe na chapati zipikwe. Mama alikula kila alichowekewa, polepole, mkono mmoja umeshika wa dada yake. Nilipomkumbusha mizani alisema, "Mbithe, nyamaza. Leo nakula na dada yangu." Tangu siku hiyo alikwenda kila mwezi.

Mei mwaka huu moyo wake ulianza kudhoofika. Alilazwa wiki mbili, akafariki asubuhi ya tarehe 6 Juni 2025, akiwa na miaka sabini na miwili.

Ameacha watoto wake Mbithe, Kyule na Mutanu, wajukuu saba, na dada yake Kanyiva.

Kanyiva hajaambiwa. Kila siku anauliza Syombua amefika wapi, na walio naye wanamjibu yuko njiani. Habari kama hii haipelekwi kwa simu. Kesho, tukishamlaza Mama, nitateremka mimi, niketi kitandani kwake, nimwambie.

Mungu akupe pumziko jema, Mama. Ulifika.