Fundi Aliyeingia Ndani ya Zimwi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kaeni vizuri, hasa nyinyi mliochoka. Leo tunamkumbuka fundi cherehani tuliyemwita Mama Zimwi. Alishona sare za shule kwa miaka thelathini na minane. Lakini jina hilo hakulipata kwenye sare. Alilipata kwenye filamu moja ya kutisha, ambayo haikumtisha mtu.

Ilikuwa hivi. Shemeji yake, mpiga picha za harusi, aliingia dukani siku moja akihema. "Shemeji, kamera ninayo, hadithi ninayo. Sina zimwi!"

Fundi akalishona kwa sponji ya godoro kuukuu na pazia la kijani. Mgongoni akaweka zipu ndefu. Jamaa aliyepewa kulivaa alikaa humo dakika kumi, akatoka akitapika kwa joto. Hakurudi. Fundi akatazama huku na huku, akaingia mwenyewe.

Siku ya kuonyeshwa filamu, ukumbi ulijaa. Zimwi lilipogeuka kumkimbiza bwana harusi wa kwenye hadithi, zipu ikaonekana yote, kuanzia kisogoni hadi kiunoni. Watu walivunjika mbavu. Fundi, kiti cha nyuma kabisa, aliinama kama anayetafuta kiatu. Hakuigiza tena.

Miaka ikaenda. Mumewe, fundi bomba, akapigwa na kiharusi. Upande mmoja ukafa, na sauti ikaondoka. Mama Zimwi alimuuguza miaka sita. Nasema tena, miaka sita. Kumwosha, kumlisha, kumgeuza, kushona kidogo, kumgeuza tena.

"Mama alikuwa analala ameketi," anasema binti yake, mwalimu wa shule ya msingi. "Sindano bado iko mkononi."

Mwaka wa pili wa ugonjwa, binti alipata mkanda wa ile filamu, akauhamishia kwenye flashi. Akauwasha alasiri moja chumbani kwa baba.

"Zima hiyo takataka," mama akasema. "Unanitia aibu bure."

Kabla hajazima, kitandani kukatoka sauti ya kukwaruza. Baba alikuwa anacheka. Alicheka kwa nusu ya uso, machozi yakimtoka.

"Iache," mama akasema. "Irudishe pale kwenye zipu."

Tangu siku hiyo, kila saa kumi jioni, filamu. Walitafuta na nyingine za zamani za namna hiyo. Popo wa karatasi waliofungwa uzi. Mizimu waliosahau kuvua saa za mkononi. Damu iliyotengenezwa kwa rangi ya mdomo. Majirani wakaanza kuja, wakivua viatu mlangoni na kujibwaga mkekani. Mmoja wao alikuwa muuguzi, aliyepita hapo akitoka zamu.

"Mama, mbona unapenda hizi mbovu?" akamuuliza siku moja.

"Mwanangu, wewe kazini unaona vya kutisha vya kweli. Vile havina zipu. Hapa unashtuka, lakini unajua ndani kuna mtu kama wewe, anatokwa jasho."

Muuguzi anasema alicheka, kisha akashangaa kujikuta analia.

Jumanne iliyopita, wasikilizaji, Mama Zimwi alikuwa anamgeuza mumewe. Akasema, "Ngoja nipumzike kidogo." Akaketi. Hakuinuka tena.

"Tulicheka naye miaka yote hiyo," binti anasema. "Hakuna aliyemuuliza kama amechoka. Hata mimi, mwanawe wa kumzaa, sikumuuliza."

Baada ya maziko, binti aliwasha ile filamu. Baba akageuza uso ukutani. Binti akazima, akabaki amesimama, hajui aanzie wapi.

Juzi, saa kumi, muuguzi alibisha hodi. Hakugusa televisheni. Alikunja mikono ya sare yake, akasema, "Dada, nenda kalale. Leo nitamgeuza mimi." Binti hakubisha. Alilala hadi kesho yake asubuhi.

Kwa mume wa marehemu, kwa binti, kwa shemeji mwenye kamera, tunasema poleni sana. Mungu awape nguvu, na mwenzetu ampumzishe. Mapumziko alikuwa anayadai kwa muda mrefu.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, mtaani kwenu ipo nyumba inayouguza. Mnaijua. Nendeni leo, kabla jua halijazama. Hali ya mgonjwa mtaambiwa. Muulizeni yule aliyeketi kando yake: mara ya mwisho alilala lini?