Skrubu ya Muadhini wa Tangini

Jioni hii kwenye benchi letu la Tangini, vikombe vya kahawa vimesogezwa kupisha skrubu ndogo ya titani. Daktari wa meno alimpa Mzee Mwinyijuma, muadhini wetu, aitazame: ya namna hiyo ndiyo itakayopandwa kwenye taya lake, ishike meno mawili ya mbele. Bila meno hayo adhana yake inapiga mluzi, na kamati ya msikiti imempa muda hadi Ramadhani. Baada ya hapo ataadhini mwingine. Nami, tangu mke wangu afariki, sauti ya kwanza kuisikia kila siku ni ya mzee huyu.

— Sumaku haiishiki, alisema Maneno, mchomeleaji wa Zegereni. Chuma kinachokataa sumaku si chuma. Mkataa pema pabaya panamwita.

— Ni aloi, titani iliyochanganywa na metali nyingine, nikasema. Maabara huiloweka kwenye maji ya chumvi yenye joto la mwili, kisha mashine huigandamiza mara milioni kadhaa, kama inayotafuna.

— Mwalimu, inatafuna nini, hewa? alidakia Faraji, fundi simu tunayemwita Umeme. Waipe muwa tuone!

— Sisi tumeiloweka kwenye ndimu wiki nzima, alisema Mwinyijuma. Kutu hamna.

— Ndo hapo sasa! alisema Umeme. Kisichooza kina mwenyewe, jini. Mzee wangu, ukishawekewa usisogee stesheni ya Soga. Treni ya umeme ikipita, taya linaondoka na abiria.

— Tena bila tiketi, alisema Maneno.

— Na itanasa redio. Unaita watu kwenye sala, linatoka tangazo la sabuni!

— Haraka haraka haina baraka. Niachieni niichomelee, tujue inayeyuka lini.

— Kwani mdomo wangu jiko, we Maneno?

Akatokea Rukaya, mpwa wa Mwinyijuma, ametoka Kisarawe kumjulia hali.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Mjomba, ile picha ya mfupa wa taya umeshapiga?

— Bado. Nilimwambia daktari asubiri, kwanza tumalize kupima chuma.

— Na mfupa usipotosha, chuma kitashika wapi?

Maneno alimtazama Umeme. Umeme alinitazama mimi, msomi. Mwinyijuma alibonyeza ufizi kwa kidole, taratibu.

Kutoka msikitini kipaza sauti kilikoroma, kisha sauti changa, isiyo na mluzi, ikaanza kujijaribu:

— Moja, mbili. Moja, mbili.