Mama Kigoda, Aliyewangoja Wanyama Waje

Ndugu, jamaa na majirani, pamoja nanyi wateja mliokuja na wanyama wenu mapajani ingawa tangazo liliomba waachwe nyumbani: tunayemsindikiza leo, Jumamosi tarehe 15 Juni 2024, wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Kigoda. Jina alilopewa na wazazi wake limeandikwa juu ya jeneza. Yeye mwenyewe ukimwita kwa hilo ilibidi umwite mara mbili.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 4 Machi 1958, saa moja asubuhi, katika chumba cha nyuma cha kibanda cha baba yake, fundi viatu. Alikuwa mtoto wa pili kati ya wanne. Alichelewa sana kusema. Alifika miaka mitatu bila kutamka neno la kueleweka, watu wakaanza kunong'ona, na bibi yake akawajibu, "Mwacheni. Kimya kingi kina mshindo mkuu." Siku moja mama yake alimkuta amekaa chini mbele ya boksi la kuku aliyekuwa akiatamia, kiganja amekifungua. Akamsikia akisema neno lake la kwanza: "Njoo." Kuku anayeatamia hainuki ovyo, kila mfugaji analijua hilo. Yule aliinuka, akaacha mayai yake, akaja. Mama yake alikuwa akikisimulia kisa hicho kwa kucheka, lakini kila alipofika mwisho alikuwa akitazama pembeni.

Alianza shule ya msingi Januari 1966 na kumaliza Novemba 1972. Hesabu zilimpiga chenga tangu siku ya kwanza, na hakuzionea haya. Kilichomvuta shuleni ni banda la sungura lililokuwa nyuma ya darasa la mwisho, mali ya Mwalimu Mkuu, mama mrefu mwenye sauti ya chini ambaye hakuwahi kushika fimbo wala kuihitaji. Siku ya kwanza marehemu aliingiza mkono bandani akamvuta sungura kwa masikio. Mwalimu Mkuu hakumgombeza. Alimkalisha chini, akamfungua vidole kimoja kimoja mpaka kiganja kikatazama juu. "Mnyama havutwi, mwanangu," alimwambia. "Mnyama hungojwa. Kaa hapo." Alikaa hapo hadi kengele ikalia mara mbili, na sungura akaja. Kwa miaka minne iliyofuata yeye ndiye aliyekuwa na ufunguo wa lile banda. Aliendelea na sekondari kwa miaka miwili, akaacha pale macho ya baba yake yalipofifia na nyumba ikahitaji mikono.

Tarehe 2 Juni 1980 aliajiriwa katika duka la wanyama wa kufugwa, mlango wa tatu kutoka kona, kati ya kinyozi na muuza rangi. Waliowahi kuingia wanalikumbuka: matangi ya samaki yakinguruma kushoto, matundu ya ndege juu, sungura na simbilisi chini, na watoto wa mbwa katika uzio wa mbao karibu na mlango wa nyuma. Mwenye duka, aliyejulikana kama Bosi Miwani, alimwajiri kwa majaribio ya mwezi mmoja. Akakaa karibu miaka thelathini na minane.

Alikuwa na namna zake. Kabla ya kufungua tundu lolote aligonga mbao mara mbili kwa kifundo cha kidole, akasema, "Ni mimi." Alinawa mikono kati ya tundu na tundu, hata akawa na ngozi ya vidole kama karatasi. Sungura alimbeba kwa kumkinga miguu ya nyuma, ndege alimfunika kitambaa kabla ya kumhamisha, na mfuko wa samaki aliuacha uelee majini kwanza ili mgeni azoee joto la nyumba mpya. Mteja aliyerudisha mnyama hakuulizwa sababu. Alipewa kwanza maji ya kunywa. "Mtu anayerudisha kiumbe ameshajiuliza njia nzima," alikuwa akisema. "Mimi niongeze nini?"

Halafu kilikuwepo kigoda. Hakuna aliyetoka na mnyama pale dukani bila kukikalia. Ulikaa, ukafungua kiganja juu ya goti, na marehemu akakwambia, "Hakuna haraka. Mwache aje." Mnyama akija, ni wako. Asipokuja, unarudi nyumbani mikono mitupu, uwe meneja wa benki au nani. Wapo waliofoka. Bosi Miwani mwenyewe alilalamika, "Wewe unanifukuzia wateja!" lakini wateja hao hao walirudi, wakaleta na watoto wao. Kila aliyechaguliwa aliandikwa katika daftari kubwa la jalada jeusi: tarehe, mnyama, mteja, na mwishoni neno moja, "Alikuja."

Siku ya likizo ya kwanza ya marehemu, Bosi Miwani alibaki dukani peke yake. Alisema baadaye kwamba tangu asubuhi hadi jioni wanyama wote walikaa wameelekea mlangoni, na samaki nao. Tulicheka. Yeye hakucheka, na likizo ya pili alifunga duka.

Marehemu alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 5 Novemba 1983, na fundi seremala aliyekuja dukani kununua chiriku. Fundi alikaa kigodani Jumamosi tano mfululizo, na chiriku hakushuka hata kijitini. Ya sita marehemu alimhurumia.

"Kaka, huyu ndege hakutaki."

"Najua. Na mwenye kigoda je?"

Inasemekana marehemu alikwenda kunawa mikono mara tatu kabla ya kujibu. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti ambaye ni muuguzi na mwana ambaye ni dereva wa lori.

Sasa tunafika mahali ambapo familia ilijadiliana kama pasomwe au paachwe. Mume wake alisema pasomwe, kwa kuwa marehemu hakuwahi kulificha.

Jumamosi, tarehe 20 Agosti 1994, saa nne asubuhi, aliingia dukani Mwalimu Mkuu, sasa amestaafu, kichwa cheupe. Alitaka mtoto wa mbwa kwa ajili ya mjukuu wake. Macho yake yalimwangukia mmoja wa kahawia mwenye sikio moja jeupe, wa miezi mitatu. Marehemu alijawa na furaha na heshima. Angemwambiaje mwalimu wake akae kigodani kama mtoto wa chekechea? Hakumwambia. Mwalimu alisimama kando ya kigoda, mkoba mkononi, na mbwa akajificha nyuma ya magunia ya chakula. Marehemu akaingiza mkono, akamvuta, akamtia kwenye boksi na kulifunga kwa kamba. Mbwa hakulia. Alimtazama tu, muda wote, mpaka kifuniko kikashuka.

Siku ya tatu Mwalimu Mkuu alirudi na boksi tupu. Pembeni lilikuwa limetafunwa tundu. Marehemu alimpa maji. Mwalimu aliyanywa yote kisha akasema, kwa sauti ile ile ya chini, "Nilikuwa nangoja uniambie nikae."

Neno hilo lilimkaa moyoni miaka thelathini. Alimtafuta yule mbwa mitaa yote, mifereji yote, hadi viatu vikalika upande. Kwenye daftari, katika maelfu ya mistari yenye neno "Alikuja," upo mmoja tu ulioandikwa "Nilimvuta." Na tangu wiki hiyo, kila jioni aliweka bakuli la maji kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma wa nyumba yao. Alikuwa akitaka jambo moja tu: kwamba yule mnyama aje mwenyewe, kwa hiari yake, kwenye kiganja kilicho wazi. Kutafuta mwingine wa mfano wake hakutaka hata kusikia.

Kila asubuhi bakuli lilikuwa tupu. Majirani walisema ni paka. Mume wake naye alisema ni paka, na ili kumtuliza mkewe alimwaga unga wa mbao kutoka karakana yake kuzunguka bakuli, apate kumwonyesha nyayo. Asubuhi unga ulikuwa laini vile vile na bakuli limekauka. Aliendelea kumwaga. Mwaka 1996, siku moja tu, alizikuta nyayo: ndogo, za mtoto wa mbwa, zikitoka langoni hadi bakulini. Za kuondoka hazikuwepo. Alifagia, na kwa mara ya kwanza tangu waoane alimficha mkewe jambo.

Si kwamba marehemu hakujua. Mwaka 2001 muuza magazeti alimwambia kwamba ameona mbwa mwenye sikio moja jeupe karibu na kituo cha mafuta.

"Mkubwa kiasi gani?" aliuliza marehemu.

"Mdogo tu, mama. Kama wa miezi mitatu hivi."

Mwaka 2009 kinyozi wa jirani alimwona nyuma ya duka, na alipoulizwa alionyesha kimo kwa mkono: chini ya goti. Marehemu hakushtuka. Alisema tu, "Hajakua. Atakuaje, na mimi bado nimemshika?"

Alistaafu tarehe 28 Februari 2018. Bosi Miwani alitangulia mbele ya haki kabla ya hapo, na mwanawe aliyerithi duka ana busara: kigoda hakukigusa.

Jumatatu, tarehe 9 Oktoba 2023, marehemu alipata kiharusi akiwa anajaza bakuli. Kilimlemaza upande wote wa kulia. Maneno yalimtoka kwa shida na kwa vipande, na mkono wa kulia ulijikunja ngumi isiyofunguka. Binti yake alijaribu kila alichosomea, mafuta ya uvuguvugu, mazoezi, kitambaa kilichoviringishwa, na ngumi ikabaki ngumi. Marehemu alikuwa akiitazama huku machozi yakimtoka. Kwa shida akasema, "Atakujaje? Nimefunga." Ndiyo siku pekee binti yake alipotoka nje kulia. Mume wake alichukua zamu ya bakuli, kila jioni, bila kukosa hata siku moja, na unga wa mbao vile vile.

Alifariki dunia Alhamisi iliyopita, tarehe 13 Juni 2024, saa kumi alasiri, nyumbani kwake, jua likiwaka na madirisha yakiwa wazi. Binti yake alikuwa jikoni akipasha maziwa. Alisikia mlango wa nyuma ukigongwa mara mbili, taratibu, sehemu ya chini kabisa ya mbao. Kabla hajaweka sufuria chini, alimsikia mama yake akisema kwa sauti nzima, safi, sauti ya dukani ambayo hakuwa ameisikia kwa miezi minane: "Hakuna haraka. Mwacheni aje."

Alikimbia chumbani. Mama yake alikuwa ameshaondoka, uso umetulia. Mkono wa kulia ulikuwa ukining'inia nje ya kitanda, kiganja kikitazama juu, vidole vyote vitano vimefunguka. Kiganja kilikuwa kimelowa. Muuguzi wa miaka kumi na tisa kazini anajua jasho, na anajua maji. Anasema haikuwa jasho, na haikuwa maji.

Jioni hiyo mume wake alilifungua daftari jeusi, ambalo hakuwahi kuligusa maishani mwake, akautafuta mstari wa tarehe 20 Agosti 1994. Hakufuta kitu. Kando ya "Nilimvuta" aliandika kwa penseli ya seremala neno linalostahili.

Marehemu ameacha mume, binti mmoja na mwana mmoja, wakwe wawili, wajukuu watano, kaka mmoja, na mdogo wake wa mwisho anayewasomea haya. Ameacha pia kobe mmoja dukani ambaye kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kuja kwenye kiganja cha mteja yeyote. Tunadhani alikuwa ameshachagua.

Familia inamshukuru kila aliyetufariji, na daktari aliyemhudumia. Mume wa marehemu ameomba jambo moja lisomwe mwishoni kama alivyolitamka, kwa kuwa yeye mwenyewe hataweza.

"Mwambieni hivi. Ile Alhamisi nilipokwenda kufunga mlango wa nyuma, bakuli nililolijaza jana yake jioni lilikuwa bado limejaa, halijaguswa. Ndiyo mara ya kwanza. Na kwenye unga wa mbao zilikuwepo nyayo. Safari hii zilikuwa zinatoka, mke wangu, zinakwenda langoni, hazirudi. Nimezipima kwa mkono wangu. Zilikuwa za mbwa mkubwa."

Lala salama, Mama Kigoda. Mungu akupokee kwa mkono ulio wazi. Nasi tutakuja, mmoja mmoja, kila mtu kwa wakati wake. Hakuna haraka.