Kreti Moja la Bia ya Korongo

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Nanyi mliokaa nyuma karibu na mlango, itikieni kwa sauti. Nawafahamu wote, tulikunywa pamoja.

Siku ile rafiki yangu Ndahani aliponinong'oneza, "Waambie wakwe walete na kreti la Korongo," laiti ningesema hapana! Sikusema. Niliona ni wazo zuri mno, hata nikamgongea mkono chini ya meza.

Vijana hawaijui Korongo. Ilikuwa bia ya enzi zile maduka yalipokuwa matupu, chupa ya kahawia yenye picha ya korongo aliyesimama kwa mguu mmoja. Hapa Dodoma tuliinywa ya moto, kwa kuwa friji ya baa ilikuwa kabati la nguo za mwenye baa. Mkiipata chupa moja, mnakaa wanne mnaitazama kwanza. Kisha likaja soko huria. Kiwanda kikauzwa, zikaletwa bia mpya zenye karatasi za dhahabu shingoni, na Korongo ikatoweka. Watu wakashangilia. Mimi nikaomboleza! Mtunza stoo mzima, nimesoma hadi kidato cha nne, nakaa baa nawaambia watu, "Hizi zenu ni maji ya kusuuzia glasi. Bia ilikuwa Korongo!"

Mimi na Ndahani tuliisaka kama watu waliopotelewa na ng'ombe. Tukasikia kuna mama Hombolo anazo chupa. Tukapanda baiskeli, jua la utosi. Kweli, chupa zilikuwa zenyewe, ila zimezibwa kwa gunzi. Sikuuliza. Nikapiga funda kubwa. Mafuta ya taa! Yule mama akapiga kelele, "Baba we, hayo ndiyo ya kibatari changu cha leo!"

Ndugu zangu, mtu mwenye akili angeokoka palepale. Mimi nikasukutua mdomo, nikauliza kama ana nyingine.

Basi binti yangu wa pekee, Neema, akapata mchumba, Yohana, kijana mpole wa Bahi, kwao watu wa majaruba ya mpunga. Wazee wao wakaja na mshenga. Tukaelewana vizuri: ng'ombe, mbuzi, blanketi la bibi, shuka ya mjomba. Mke wangu jikoni ameshaanza vigelegele. Mshenga akauliza kwa adabu, "Baba, kuna kingine?" Kwetu baba wa binti huomba pombe ya wazee, na si rahisi mtu kumkatalia. Hapo ndipo Ndahani aliponinong'oneza.

"Kreti moja la Korongo," nikasema.

Wakacheka. Walidhani natania. Mshenga akasema, "Baba, ile si ilishakufa?"

"Basi ifufueni."

Vigelegele jikoni vikakatika.

Walileta kreti la bia mpya, nikalirudisha. Waliongeza ng'ombe, nikakataa. Yohana mwenyewe alizunguka Manyoni na Singida, akarudi na vumbi tu. Neema akanipigia magoti: "Baba, naomba uniachie hilo kreti." Nikamjibu kwamba ni suala la heshima. Mke wangu akasema, "Baba Neema, unaozesha mtoto au unafungua baa?" Mpunga ukavunwa, ukapandwa mwingine, mimi nang'ang'ania korongo wangu.

Mwisho wakalipata! Lilikuwa Mtera, kwenye stoo ya baa iliyofungwa zamani, limejaa utando wa buibui, lakini chupa zimejaa na vizibo ni vya kiwandani. Wakalibeba hadi sebuleni kwangu. Wanawake wakaimba. Nikafungua chupa kwa meno, nikanywa.

Ndugu zangu! Ilikuwa na ladha ya msumari uliolowekwa! Nami, badala ya kumeza na kushukuru, nikaitema miguuni pa baba yake Yohana. Nikasema, "Mmenijazia maji ya betri! Matapeli ninyi!"

Mzee wa watu alisimama, akafuta kiatu, akachukua fimbo yake. "Basi binti yako akaolewe na korongo," akasema. Wakatoka wote. Habari ya mahari ikaishia pale.

Kwa ukaidi nikajifungia na lile kreti, nikalinywa peke yangu. Tumbo lilinifanya nisahau chumba changu. Choo cha uani ndicho kikawa makazi. Ndahani akaja kunijulia hali, akasimama nje ya mlango.

"Mwenzangu," akasema, "nami niliionja siku ile pale sebuleni. Ilikuwa yenyewe."

"Haiwezekani!"

"Ilikuwa hivihivi tangu zamani. Tulikuwa tunakunja uso tukimeza. Ila tulikuwa vijana, na hakukuwa na nyingine."

Nililia, na safari hii si kwa tumbo. Jirani yetu mwinjilisti akasikia kilio, akanikuta nimeshikilia ukuta, akaniombea palepale uani, wala hakungoja ninawe. Nikatubu kwa sauti. Haleluya! Tangu siku ile sijaonja pombe, na kiu yenyewe Bwana aliiondoa. Ndahani naye mnamwona pale, anaimba besi katika kwaya ya wazee.

Basi wewe unayekililia kitu kilichopita hadi huwaoni walio nyumbani mwako, njoo mbele leo. Usisubiri kujisafisha. Yesu alinipokea nikinuka, wewe atakushindwaje?

Msamaha nimepewa, sina shaka. Lakini msipige makofi bado. Yohana alioa kwingine. Neema alihamia Mwanza, akaolewa huko. Mjomba wake ndiye aliyepokea mahari, ndiye aliyemshika mkono kanisani, na mimi nilipata habari harusi imeshapita. Ana watoto sasa. Babu wanayemjua ni mjomba yule. Mimi sijawaona hata mmoja, na Neema hajakanyaga tena nyumbani kwangu. Nilimpoteza binti yangu kwa ajili ya kreti la bia.