Kocha Marlene Anatuachia Uwanja

Baada ya miaka kumi na minane ya kufundisha soka hapa Guangzhou, Kocha Marlene Dutcher anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Shule iliyomwajiri ilishamuaga kwa keki. Sisi akina mama wa timu ya Jumamosi ya mtaa wa Xiaobei tumempikia pilau, na maneno haya ni ya kumsindikiza.

Kocha ni Mmarekani wa Minnesota, kwenye baridi ambayo yeye mwenyewe huisema vibaya. Alicheza kiungo tangu chuoni, halafu klabu mbili, mpaka goti la kulia likagoma. Hakukaa kulia. Alisomea ukocha, akafundisha wasichana kwao miaka mingi, kisha akaja huku kufundisha michezo shuleni.

Sisi tulimpata Tianxiu, jengo la maduka na ofisi za mizigo. Alikuja kuulizia kusafirisha mzigo, akawakuta wenzetu Safia na Hasna wakipigiana roli la gundi ya kufungia maboksi huku wakingoja lifti. Roli likamfikia, akalituliza, akalirudisha kwa mguu wa kushoto. Lifti ikaja ikaondoka. Timu ikazaliwa hapo.

Kufundisha wafanyabiashara kama sisi si kazi ndogo. Leo kipa yuko soko la Shiling anachagua mikoba, kesho beki kontena lake linafungwa. Kocha hakugombana na biashara zetu: kila mtu alifundishwa kucheza kila namba. Hasna, aliyeapa kwamba yeye ni mshambuliaji na basi, siku moja akasukumwa golini. Alipangua penalti mbili, na tangu siku hiyo hatoki golini hata umwombe.

Halafu zile jezi. Safia alizitoa soko la nguo la Zhanxi kwa bei ya kutupa, tukamshangilia, kumbe zote zina namba nane. Refa akagoma kuchezesha. Kocha alicheka mpaka akakaa chini, akatubandikia namba nyingine kwa gundi ya maboksi. Kwetu naye alijifunza kupiga kelele za sokoni. Ukikaa na mpira sana, utamsikia: “Taigui, mama, taigui!” Yaani ghali mno, uachie.

Wenye watoto wachanga alitupa mapumziko ya kunyonyesha. Ila asije mtu akafikiri alikuwa laini. Ukichelewa ukamsingizia mtoto, alikunyooshea mikono: “Mtoto nipe mimi. Wewe kimbia.” Na ulikimbia.

Mwaka jana alipotuambia anaondoka, tulipoa. Uwanja tunapewa kwa sharti kwamba awepo kocha mwenye cheti, na mwenye cheti alikuwa yeye peke yake. Bila yeye timu imekufa. Akamchagua dada yetu Felisia, wakala wa mizigo, akamwambia akafanye mtihani.

Felisia akaenda. Alipoambiwa zoezi la kufundisha ni dakika ishirini, mazoea yakamponza: akabishana na mtahini mpaka akashushiwa zikawa kumi na mbili. Akaingia akichekelea kama aliyepata bei nzuri. Muda ukaisha hajafika hata nusu ya somo. Akafeli.

Tulimtania, lakini tuliogopa. Kocha hakumtania. Alikuwa akimfuata ofisini Tianxiu asubuhi kabla wateja hawajafika, wakapanga maboksi ya viatu sakafuni kuwa wachezaji, wakaanza upya. “Dakika hazina punguzo, Felisia. Ukipewa, tumia zote.” Mwezi wa tano Felisia akarudi kwa mtahini yuleyule, akatumia zote, akapita.

Jumamosi iliyopita tulicheza na akina dada wa Kenya. Felisia alisimama pembeni ya mstari akituongoza, kipyenga shingoni. Kocha alikaa jukwaani, kajifunika mdomo kwa kofia asije akapiga kelele. Tulitoka sare, na mabadiliko ya Felisia ndiyo yaliyotuokoa. Mechi ilipoisha, mlinzi alimletea Kocha ufunguo wa kufungia geti la uwanja, kama alivyozoea. Kocha hakuupokea. Alimwelekeza kwa Felisia.

Kocha Marlene, tunakushukuru kwa jasho lako, kwa ukali wako, na kwa watoto wetu uliowabeba. Nenda nyumbani ukapumzike, uishi vizuri na wapendwa wako, na Mungu akupe afya. Wengine wote mnaosoma hapa: mazoezi ni Jumamosi saa mbili asubuhi, na Felisia hapendi wachelewaji.